Begi la mtoto lisiingie kwenye buti: vifaa vya afya na usalama kwa safari ya likizo na mtoto wa chini ya mwaka mmoja

MLETA UZI

Ndugu wazazi, habari za majukumu. Desemba inakaribia, tiketi za Moshi na Rombo zimeanza kuadimika, na kama ilivyo desturi, wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tutapanda mlimani kula Krismasi na wazee. Safari hii nataka kuzungumza na wale watakaokuwa na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hasa kama ni mtoto wa kwanza. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mama na mtoto, na pamoja na kazi hiyo, safari ya kwanza niliyosafiri na mwanangu niliifanyia kosa ambalo sitaki mzazi mwingine alirudie.

Mwanangu alikuwa na miezi saba. Nilifungasha kwa siku kadhaa na sikuacha kitu. Asubuhi ya safari, pale kituo cha mabasi cha Magufuli, utingo alichukua begi la mtoto pamoja na mizigo yetu mingine akalisukuma ndani ya buti, nami nikamwachia kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na mtoto na mwingine ulikuwa na tiketi. Tulipoipita Chalinze mtoto akaanza kuchemka. Dawa ya homa, kipimajoto, pakiti za ORS za kurudishia maji mwilini mtoto anapoharisha, hata maji niliyoyachemsha usiku, vyote vilikuwa chini ya sakafu tuliyoikanyaga, vimefunikwa na magunia na masanduku ya abiria wengine, na kondakta alinieleza kwa upole kwamba buti halitafunguliwa mpaka Korogwe. Kwa zaidi ya saa mbili nilichoweza kufanya ni kumpunguzia nguo, kumnyonyesha na kuzihesabu pumzi zake. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba ni mafua, akapona, lakini kule njiani sikuwa na namna ya kulijua hilo.

Tangu siku ile ninafungasha mabegi mawili. Begi kubwa la nguo na pampasi za akiba liende kwenye buti bila wasiwasi. Begi dogo, ambalo hata likijaa linaweza kukaa miguuni pangu, haliondoki mkononi mwangu hata akija utingo mwenye heshima kiasi gani, na ndani yake kinaingia kila kitu ambacho mtoto anaweza kukihitaji kabla gari halijasimama. Swali ninalojiuliza kwa kila kitu ni moja: je, nikikihitaji sasa hivi katikati ya Mombo na Same, nitaweza kukifikia bila kumwomba mtu?

Nianze na homa. Beba kipimajoto cha kidijitali na uache nyumbani kile cha kioo chenye zebaki, kwa sababu kikivunjika ndani ya basi lililofungwa madirisha utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Dawa ya maji ya parasetamoli nyingi inayouzwa katika maduka yetu ina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini zipo chupa zenye nguvu tofauti, kwa hiyo soma lebo ya chupa yako na usikariri ya jirani. Dozi hupimwa kwa uzito na si kwa umri peke yake: miligramu 15 kwa kila kilo moja ya mtoto, ambayo ina maana kwamba mtoto wa kilo 8 hupewa miligramu 120, yaani mililita 5 za dawa niliyoitaja, na anaweza kurudiwa kila baada ya saa sita bila kuzidisha mara nne ndani ya saa 24. Siku moja kabla ya safari mpime mtoto kliniki, fanya hesabu hiyo ukiwa umetulia, muulize mfamasia aihakiki, kisha uiandike kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya chupa. Ukiwa ndani ya basi linaloyumba, mtoto analia, hutaweza kufanya hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani ukubwa, kwa hiyo beba bomba dogo la kunyweshea dawa lisilo na sindano, linalopatikana katika duka lolote la dawa. Aspirini asipewe kabisa. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa, hiyo si homa ya kutuliza njiani. Ateremshwe na apelekwe hospitali iliyo karibu.

Kitu cha pili ni ORS, ambayo bibi zetu wanaiita maji ya chumvichumvi. Pakiti nyingi huchanganywa katika lita moja kamili ya maji safi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea, kwa kuwa mtu huimimina pakiti nzima katika kikombe au katika chupa ya nusu lita, na mchanganyiko unakuwa na chumvi nyingi kuliko mwili wa mtoto unavyoweza kuihimili. Dawa yake ni rahisi: nunua maji ya chupa ya lita moja, fungua, mimina pakiti humohumo, tikisa. Ikipita saa 24 mwaga kilichobaki. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kwa kikombe na kijiko, kidogokidogo; akitapika subiri dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi. Pamoja na ORS beba vidonge vya zinki. Aliyefikisha miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, na ambaye hajafikisha hupewa miligramu 10, ambayo kwa kidonge cha miligramu 20 ni nusu yake, kikiyeyushwa katika maziwa ya mama kwenye kijiko. Dozi inaendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Nimeona akina mama wengi wakiacha siku ya tatu.

Kadi ya kliniki ni kifaa cha afya kama vilivyo vifaa vingine, na mahali pake ni begi dogo. Ndani yake kuna uzito, chanjo na dozi za vitamini A, na mhudumu wa zahanati ya kijijini ambaye hajawahi kumwona mtoto wako ataanzia hapo. Vilevile likizo haimaanishi kwamba chanjo inaahirishwa: mtoto atakayetimiza miezi tisa mkiwa Marangu anaweza kuchanjwa surua na rubela katika kituo cha huko, mradi kadi ipo. Piga picha ya kurasa zote ubaki nazo kwenye simu. Kadi ya bima nayo ikae ndani ya kadi hiyo ya kliniki.

Mtoto anayetumia dawa ya kila siku, iwe ni ya kifafa, ya moyo au dawa kinga aliyopewa kliniki, dawa yake iwe begi dogo, iwe ya siku zote za safari pamoja na wiki moja ya ziada. Ninajua wapo akina mama ambao ukweni hawajui kwa nini mtoto anapewa dawa fulani asubuhi na jioni, na kwa sababu hiyo huiacha Dar kwa kuhofia maswali. Dada yangu, tafadhali usiiache. Zungumza na mhudumu wako wa kliniki kabla ya safari; atakusaidia kupanga namna ya kuibeba na kuitoa bila kulazimika kumweleza mtu yeyote.

Chakula nacho ni suala la afya. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu, na hahitaji maji hata mkiwa kwenye joto la Same. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha. Anayetumia maziwa ya kopo asichanganyiwe asubuhi maziwa ya kutwa nzima. Beba maji yaliyochemka ndani ya chupa ya chai, beba unga wa maziwa uliopimwa katika vikopo vidogo vikavu, uchanganye wakati wa kunywa, uyapooze kabla ya kumpa, na kisichonyweka ndani ya saa mbili kimwagwe. Kikombe chenye mdomo mpana ni salama kuliko chupa yenye chuchu, kwa kuwa unaweza kukisugua kila pembe kwa sabuni. Kwa aliyeanza kula, mimi siamini uji uliopikwa alfajiri ukanyweka saa nane mchana ukiwa vuguvugu, kwani huo ndio uvuguvugu vijidudu vinaoupenda. Ndizi mbivu na parachichi vinakuja na ganda lake, vinamenywa palepale na kupondwa kwa kijiko safi, na njia nzima ya kwenda Moshi vinauzwa. Mfundishe kaka au shangazi aliyeketi nanyi kwamba karanga na bisi zinazonunuliwa dirishani zisimfikie mtoto mkononi, kwa sababu zinakaba.

Mengine nitayataja kwa haraka: sabuni kipande, kitakasa mikono, gozi safi ya kufunikia kidonda, plasta, mkasi mdogo, mafuta ya kupaka makalio, nguo mbili za kubadilisha, pampasi za saa kumi na mbili, kanga mbili, na mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji kwa ajili ya nguo zilizochafuka, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na si vizuri kutupa uchafu dirishani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linaninyima usingizi kuliko homa, nalo ni jiko la mkaa. Sisi tunaotoka Dar tunaona baridi ya mlimani ni kali, na wenyeji wetu kwa upendo huingiza jiko chumbani ili mtoto apate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu hulala na haamki. Wengi wanaamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha basi hatari imeisha, lakini mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoendelea kuitoa hewa hiyo kwa wingi. Kwa hiyo katika begi kubwa weka kinachofanya jiko lisihitajike: soksi, suruali za kitambaa kizito, sweta, na nguo ya kulalia inayofunika miguu. Kipimo chepesi ni kumvalisha mtoto tabaka moja zaidi ya wewe ulivyovaa. Alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi zito linaloweza kumfunika uso, na asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, hata awe anampenda mtoto namna gani.

Kabla hamjaondoka, andika kwenye simu hospitali zilizo kwenye njia yenu. Kwa njia yetu kuna Hospitali ya Wilaya ya Korogwe ya Magunga, Hospitali ya Wilaya ya Same, Mawenzi na KCMC pale Moshi, Kilema na Marangu kwa wanaopanda upande huo, na Huruma kwa wa Rombo. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na hataki kuamka, hasubiri kufika nyumbani. Vilevile mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, hiyo ni kasi isiyo ya kawaida. Mwambie dereva asimame.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.


MCHANGIAJI WA 1 (baba, Dodoma)

Shukrani nyingi, dada. Sisi tutasafiri kwa gari letu, na nimepata kiti cha mtoto cha mtumba kwa bei nzuri. Mwanangu ana miezi mitano. Naomba kufahamu kama kiti cha mtumba kinafaa, na kama ninaweza kukifunga mbele ili nimwone ninapoendesha, kwa kuwa mama yake hukaa nyuma na mtoto mkubwa.


MLETA UZI

Kaka, hongera kwa kulifikiria hilo, kwa sababu akina baba wengi wananiambia mtoto atapakatwa. Mikono ya mzazi haiwezi kumzuia mtoto gari likigonga kitu, hata kwa mwendo ambao sisi tunauona ni wa kawaida.

Mtoto wa umri huo hukaa kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari, ili kishindo kikitokea mgongo, shingo na kichwa vipokelewe kwa pamoja na kiti. Kiti hicho hakifungwi mbele penye mfuko wa hewa, kwa sababu mfuko huo ukifumuka unakisukuma kiti chote kwa nguvu kuelekea alipo mtoto. Kifunge nyuma, mama yake akae pembeni yake, nawe utazame barabara. Kuhusu mtumba, muulize muuzaji kama kimewahi kuwa kwenye ajali, na kama hawezi kukuhakikishia, kiache. Geuza kiti utazame chini au mgongoni, ambapo viti vingi vimechapwa tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, kisha vuta mikanda yake uone kama imeshika. Mvue mtoto sweta zito kabla ya kumfunga, ufunge mkanda mpaka usiweze kuukunja kwa vidole begani, kisha umfunike kwa kanga juu yake. Mkisimama kula, mtoto asibaki ndani ya gari hata kama amelala na madirisha yako wazi.

Kwa sisi wa basi niongeze kwamba mama afunge mkanda yeye peke yake. Ukipitishwa juu ya mtoto, mwili wa mama ndio utakaombana gari likisimama ghafla. Mbeleko imshike mtoto kifuani mwa mama, uso na pua vikionekana, nanyi mchague kiti cha katikati ya basi na safari ya mchana. Na pale Himo, ambapo basi linawaacha wanaokwenda Marangu na Rombo, subirini Noah, yale magari madogo ya abiria. Bodaboda si chombo cha kumpandisha mtoto wa miezi mitano kwenye kona za mlimani, hata kama mvua inataka kunyesha.


MCHANGIAJI WA 2 (mama, Temeke)

Naomba kuongeza upande wa sisi wenye watoto wa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu mara nyingi tunasahaulika katika orodha hizi. Mwanangu aligundulika akiwa na miezi minane, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba, na mwaka uliofuata ndipo tulipompeleka kwa mara ya kwanza kumwona bibi yake Kibosho. Daktari wake alinieleza kwamba mambo yanayomwamsha maumivu ni baridi, kupungukiwa maji mwilini na homa, na safari ya basi kwenda mlimani ina yote matatu. Kwa hiyo sisi tunabeba penisilini yake ya asubuhi na jioni, foliki asidi, parasetamoli, na barua fupi ya kliniki inayotaja ugonjwa wake, kundi lake la damu na kiwango chake cha kawaida cha damu, ili daktari mgeni asishangae akikuta damu iko chini na kudhani imeshuka siku hiyo. Nguo za baridi tunamvalisha kabla ya kufika Himo, hatusubiri aanze kutetemeka. Kumwogesha tunamwogesha mchana kwa maji ya moto, tena tunamkausha haraka.

Nawaomba wazazi wenzangu wasiione homa ya mtoto wa seli mundu kuwa ni homa kama ya wenzake. Akifika nyuzi 38, sisi tunakwenda hospitali hata kama ni mkesha wa Krismasi na wageni wamejaa sebuleni.


MLETA UZI

Mama, Mungu akubariki kwa mchango huu, na ninaomba kila aliyesoma uzi wangu auhesabu mchango wako kuwa sehemu yake. Hiyo barua yenye kiwango cha kawaida cha damu inaokoa muda mwingi hospitalini. Kwa mtoto wako nisisitize pia chandarua na kumnywesha mara kwa mara, kwa kuwa malaria humuumiza mtoto wa seli mundu kuliko mtoto mwingine.


MCHANGIAJI WA 3 (mama wa mtoto wa miezi minne, Kinondoni)

Shikamoo dada. Vifaa vyote nitabeba, lakini hofu yangu ni ukweni. Kwa mwanangu wa kwanza mama mkwe alimlambisha asali akiwa na miezi mitatu kwa sababu alikuwa anakohoa, akataka pia kumpa maji na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Ni mama mwenye upendo sana na amelea watoto saba. Nitamwambia nini bila kumvunjia heshima?


MLETA UZI

Marahaba mdogo wangu. Swali hili limeniletea kumbukumbu za mama mkwe wangu mwenyewe, ambaye sasa ni rafiki yangu mkubwa.

Kwanza ujue kwa nini, ili usitetereke ukiulizwa. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu. Mtu mzima hazimdhuru, lakini tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja halijakomaa, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata binadamu kama homa isiyoisha, na kifua kikuu pia. Na hata yakichemshwa, si kinywaji kikuu cha mtoto wa chini ya mwaka. Maji kwa mtoto wa miezi minne hujaza tumbo ambalo lilitakiwa lijae maziwa yako, na kama si safi yanamletea kuharisha.

Sasa namna ya kusema. Mpigie mama mkwe simu kabla hamjasafiri, si siku mtakayofika mkiwa na watu wengi, na mzungumzaji wa kwanza awe mumeo, kwa sababu mtoto akimweleza mama yake hakuna anayeona kwamba mgeni amekuja kufundisha. Amwambie kwamba kliniki imeagiza hivi, na ukifika umwonyeshe kadi. Kisha mpe kazi. Bibi aliyepewa kazi ya kumwogesha mjukuu, kumwimbia na kumlaza chali hatatafuta asali. Kikohozi chepesi cha mtoto wa umri huo hutulizwa kwa kunyonya na kwa matone ya maji ya chumvi ya puani, ambayo unaweza kuyabeba. Dawa za kikohozi za maji zinazouzwa madukani usimpe.

Na jambo moja ambalo nawaomba wazee wote wa nyumbani walisikie: mtoto akipata degedege, alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, asitiwe kijiko mdomoni, asimwagiwe maji wala kufukizwa moshi, kisha apelekwe hospitali. Mtoto akimwagikiwa chai au uji wa moto, mahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno, yai wala mafuta, kisha pafunikwe kwa ile gozi safi iliyo kwenye begi dogo.


MCHANGIAJI WA 4 (mama, Moshi)

Sisi tunafanya kinyume chenu: tunaishi huku juu na likizo tunakwenda Pangani kwa wazazi wangu. Mtoto ana miezi tisa. Kuna kitu cha kubadilisha katika begi?


MLETA UZI

Kipo, tena kikubwa. Pwani malaria ni nyingi kuliko kwenu mlimani, kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwe kitu cha kwanza kufungwa, pamoja na kamba na misumari michache, kwa sababu utakachokikuta ugenini kinaweza kuwa kimetoboka. Mbu wa malaria huuma usiku, kuanzia giza linapoingia, basi jioni mtoto avae mikono mirefu na miguu iliyofunikwa, na wakati mnasubiri samaki uani awe ameshaingizwa ndani ya chandarua. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumbani mwake. Ya kupaka anaweza kupakwa kwa kufuata lebo, isipokuwa viganjani, machoni na mdomoni. Kwa homa yoyote akiwa huko apimwe malaria siku hiyohiyo. Usimpe dawa mseto ya malaria kwa kukisia.

Kwa upande wa bahari, kofia yenye ukingo mpana na kanga ya kivuli, na asikae juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ndoo na beseni lenye maji lisiachwe wazi mahali anapotambaa, kwa sababu mtoto wa umri huo huzama kwenye maji ya kina cha kiganja, na hupiga kelele kidogo sana au hapigi kabisa.


MCHANGIAJI WA 5 (mama, Uingereza)

Nitakuja nyumbani na mwanangu wa miezi saba kwa ndege. Hajawahi kufika Afrika. Naomba mwongozo.


MLETA UZI

Karibu nyumbani. Nenda kwenye kliniki ya wasafiri mapema, wiki nne hadi sita kabla ya safari, kwa kuwa dawa ya kuzuia malaria hupimwa kwa uzito wa mtoto na si ya kununua uwanja wa ndege. Uliza pia kuhusu chanjo ya surua, ambayo kwa msafiri inaweza kutolewa kuanzia miezi sita, ingawa dozi hiyo ya mapema haihesabiwi katika ratiba, na atachanjwa tena akishatimiza mwaka mmoja. Maziwa na maji ya mtoto yanaruhusiwa ndani ya ndege hata yakizidi mililita 100. Yatenge yawe rahisi kuonyesha. Mnyonyeshe ndege inaposhuka, kwa kuwa kumeza kunamfungulia masikio. Na kama ilivyo kwa buti la basi, dawa zake zisiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana mzigo huo unaweza kufika siku mbili baada yenu.


MCHANGIAJI WA 1

Dada, la mwisho. Tukisharudi, begi linafunguliwa tu na kuwekwa kabatini?


MLETA UZI

Hapana kaka, limalizieni kazi. ORS iliyobaki kwenye pakiti iliyofungwa itunzeni. Chupa ya parasetamoli iliyofunguliwa andikeni tarehe ya kufunguliwa na mfuate lebo inavyosema. Bomba la kunyweshea lioshwe na kukaushwa. Kama mtoto alipata chanjo au alitibiwa mkiwa safarini, kadi ipelekwe kliniki yenu ya kawaida ili wanakili.

Kisha, kwa mwezi mmoja baada ya kurudi, mtoto akipata homa mwambie mhudumu bila kusubiri kuulizwa kwamba mlisafiri, mlipita wapi na mlilala wapi. Malaria aliyoipata Korogwe au Pangani inaweza kujitokeza wiki mbili au tatu baadaye, mkiwa Dodoma, wakati ambapo kila mtu nyumbani ameshasahau safari.